Wasifu wa Beaumarchais wa Louis de Loménie: Nyaraka za Mtu na Ukweli wa Maisha Yake

UTANGULIZI

Mwaka 1856 kilichapishwa mjini Paris kitabu chenye majuzuu mawili kiitwacho Beaumarchais et son temps, yaani Beaumarchais na Zama Zake. Mwandishi wake, Louis de Loménie (1815–1878), alifundisha fasihi katika Collège de France, na mwaka 1871 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Académie française. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ilikuwa imekwisha kutokea kwa vipande katika jarida la Revue des Deux Mondes mwanzoni mwa miaka ya 1850. Tangu hapo kila aliyeandika juu ya Beaumarchais, awe anakubaliana na Loménie au anampinga, amelazimika kupitia mlango alioufungua yeye.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi wasifu huo ulivyopatikana, mambo uliyoyathibitisha, na mahali ulipoteleza. Suala hili si la wasomi wa Kifaransa peke yao. Katika madarasa yetu ya fasihi maisha ya mtunzi hutumiwa kila mara kama ufunguo wa kufungulia kazi zake; ni nadra kuulizwa ufunguo wenyewe umechongwa na nani, na kwa chuma gani. Wasifu wa Loménie unafaa kuchunguzwa kwa sababu unaonyesha kwa uwazi nguvu na hatari ya kuyajenga maisha ya mtu kwa nyaraka zilizotunzwa na mtu huyo huyo.

MTU MWENYEWE

Pierre-Augustin Caron alizaliwa Paris tarehe 24 Januari 1732. Baba yake alikuwa fundi saa, na mtoto akafunzwa kazi hiyo. Alipokuwa na umri wa miaka 21 alibuni namna mpya ya kile kifaa kidogo kinachoyazuia na kuyaachilia magurudumu ya saa ili mwendo wake uwe sawa. Fundi mashuhuri zaidi, Lepaute, alidai kuwa ubunifu huo ni wake. Kijana Caron hakunyamaza. Alipeleka malalamiko gazetini, kisha akalifikisha shauri lake mbele ya Académie des sciences, ambayo mwaka 1754 iliamua kwamba mbunifu ni yeye. Jambo hili yafaa likumbukwe, maana ndiyo mara ya kwanza tunamwona akipigania haki yake kwa karatasi na wino, na akishinda.

Kutoka karakana alipanda hadi kasri ya mfalme. Alichukua jina la Beaumarchais kutokana na mali ya mke wake wa kwanza. Akawafundisha kinubi mabinti wa Mfalme Louis wa Kumi na Tano. Akapata kufadhiliwa na tajiri Pâris-Duverney. Na mwaka 1761 akanunua cheo cha ukatibu wa mfalme, ambacho kilimwingiza katika daraja la makabaila. Tamthilia yake ya kwanza kubwa, Eugénie, iliigizwa mwaka 1767. Le Barbier de Séville, yaani Kinyozi wa Seville, ilifuata mwaka 1775. Na Le Mariage de Figaro, yaani Ndoa ya Figaro, baada ya kuzuiliwa na mfalme kwa miaka kadhaa, iliigizwa hadharani tarehe 27 Aprili 1784.

Lakini utunzi ulikuwa sehemu moja tu ya shughuli zake. Alikuwa mfanyabiashara, mjumbe wa siri wa wafalme wawili, mchapishaji wa kazi zote za Voltaire huko Kehl, muuza silaha, na mtu wa mahakamani karibu maisha yake yote. Wakati wa Mapinduzi alikimbilia ugenini, akaishi Hamburg, akarejea Paris mwaka 1796, na akafariki huko mwezi Mei 1799.

WASIFU KABLA YA LOMÉNIE

Mtu wa namna hiyo hakosi wasimulizi. Alipokuwa hai maadui zake walimzushia kila ovu, hata wakasema kuwa aliwaua wakeze kwa sumu. Baada ya kifo chake vilitokea vitabu vidogo vya maisha yake vilivyochanganya habari na porojo. Rafiki yake wa miaka mingi, Gudin de la Brenellerie, alisimamia uchapishaji wa kazi zake zote katika majuzuu saba mwaka 1809, na vilevile aliandika habari za maisha yake. Mswada huo, hata hivyo, haukuchapishwa wakati ule. Ulibaki kuwa mali ya faragha mpaka mwaka 1888, ulipohaririwa na Maurice Tourneux. Hivyo kwa nusu karne Beaumarchais alijulikana kwa njia mbili: kwa ucheshi wa tamthilia zake na kwa uvumi wa mabarazani.

Loménie alipata njia ya tatu. Nyumba ya fahari ambayo Beaumarchais aliijenga karibu na Bastille ilikuwa imekwisha bomolewa, lakini karatasi zake zilihifadhiwa na jamaa. Mjukuu wake alimwongoza Loménie hadi nyumba moja katika mtaa wa Pas-de-la-Mule, wakapanda mpaka chumba cha darini ambacho hakikuwa kikikaliwa. Humo mlikuwa na makasha na mafurushi yaliyojaa vumbi: barua, hesabu za biashara, miswada ya tamthilia, hati za daawa, taarifa kwa mawaziri. Miongoni mwa vitu hivyo mlikuwamo pia mfano wa shaba wa kile kifaa cha saa, umechorwa maneno ya Kilatini yanayosema kuwa Caron mwana ndiye aliyekibuni na kukitengeneza akiwa na miaka 21, mwaka 1753.

Hapa hatuna budi kuuliza: kwa nini mtu huyu alihifadhi karatasi nyingi kiasi hicho? Jibu limo katika maisha yake. Mwaka 1770 Pâris-Duverney alifariki, naye Beaumarchais akabaki na hati ya makubaliano iliyokiri kwamba marehemu alidaiwa naye livre 15,000. Mrithi wa marehemu, Comte de La Blache, alidai kuwa hati hiyo ni ya kughushi. Daawa hiyo ilidumu miaka minane, ikamalizika Aix mwaka 1778 kwa ushindi wa Beaumarchais. Katikati yake ilizuka nyingine: jaji Goëzman alipomhukumu vibaya, Beaumarchais alifichua kwamba mke wa jaji alikuwa amepokea zawadi, akazirudisha nyingine, akabakiza sarafu 15 za dhahabu. Kwa sarafu hizo 15 Beaumarchais aliandika, mwaka 1773 na 1774, vitabu vinne vidogo vya kujitetea vilivyosomwa Ulaya nzima. Mahakama ilimvua haki zake za kiraia tarehe 26 Februari 1774. Umma ulimpa heshima. Haki hizo alirudishiwa mwaka 1776.

Mtu aliyepitia hayo hatupi karatasi. Kila barua yaweza kuwa shahidi wa kesho. Kwa hiyo makasha ya darini hayakuwa kumbukumbu zilizojikusanya zenyewe kama majani ya mwembe chini ya mti. Yalikuwa jalada la utetezi, lililokusanywa na mdai hodari aliyejua kwamba iko siku ataulizwa. Tutaona kuwa nguvu za wasifu wa Loménie na udhaifu wake vyote viwili vimetoka hapo.

MAMBO YALIYOTHIBITISHWA

Tuanze na nguvu. Kwa kutumia nyaraka hizo Loménie aliyafuta mengi yaliyosemwa bila ushahidi. Mfano ulio bora ni habari ya silaha za Marekani. Mwaka 1776 serikali ya Ufaransa, kwa kupitia waziri Vergennes, ilimpa Beaumarchais livre milioni moja kwa siri. Hispania ikatoa milioni nyingine. Kwa fedha hizo, na za wafanyabiashara wenziwe, alianzisha kampuni yenye jina la kubuni, Roderigue Hortalez et Compagnie, ikawapelekea waasi wa makoloni ya Uingereza mizinga, bunduki, baruti na mavazi. Shehena za kwanza ziliwafikia mwaka 1777, kabla ya ushindi wao wa Saratoga. Lakini Baraza la Congress lilikuwa limeaminishwa kwamba vitu hivyo ni zawadi ya mfalme, likakawia kulipa. Baadaye ilipojulikana kuwa Beaumarchais alitia sahihi stakabadhi ya milioni moja tarehe 10 Juni 1776, Wamarekani walishikilia kuwa fedha hizo lazima zikatwe katika deni. Mzozo huo ulimalizika mwaka 1835, miaka 36 baada ya kifo chake, warithi walipokubali faranga 800,000.

Kabla ya Loménie wengi waliamini kuwa Beaumarchais alikuwa mlaghai aliyeuza zawadi ya mfalme. Hesabu za darini zilionyesha biashara halisi, yenye meli, madeni na hasara, iliyoendeshwa kwa idhini ya serikali iliyoogopa kuonekana. Hapa karatasi zilimtendea marehemu haki ambayo mahakama na mabunge hayakumtendea.

Hali kadhalika kuhusu haki za watunzi. Baada ya kufaulu kwa Kinyozi wa Seville, Beaumarchais aliwataka waigizaji wa Comédie-Française wampe hesabu kamili ya mapato, jambo ambalo watunzi waliomtangulia walikuwa wakiona haya kulidai. Tarehe 3 Julai 1777 aliwaalika watunzi wenzake nyumbani kwake, wakaunda chama cha kutetea maslahi yao. Na mwezi Januari 1791 ikapitishwa sheria iliyotambua kwamba tamthilia ya mtunzi aliye hai haiwezi kuigizwa bila ya ridhaa yake. Katika sura hizi Loménie anatuonyesha kwamba yule mwana wa fundi saa aliyepigania kifaa chake mwaka 1754 ndiye huyo huyo aliyepigania tamthilia zake. Kwake yeye, alichokibuni mtu kwa akili yake ni mali yake, kiwe cha shaba au cha maneno. Huu ni uhusiano wa maisha na kazi ambao unasimama juu ya ushahidi, nao unastahili kuitwa uhakiki.

SHAHIDI WA UPANDE MMOJA

Ama udhaifu, unaonekana pale ambapo jalada la utetezi lilikuwa ndilo ushahidi wa pekee. Mwaka 1774 Beaumarchais alitumwa kwa siri kuzima kijitabu cha matusi dhidi ya Malkia Marie-Antoinette. Alisafiri kwa jina la Ronac, yaani Caron kwa kupanguapangua herufi zake. Kwa maelezo yake mwenyewe, mtu mmoja aitwaye Angelucci alipokea fedha ili aviteketeze vitabu, kisha akatoroka na nakala moja. Beaumarchais akamfukuza mpaka msitu mmoja karibu na Nuremberg, akampata, kisha akavamiwa na wanyang'anyi waliomjeruhi. Alifika Vienna, akapokewa na Maria Theresa, mama yake malkia. Na badala ya kushukuriwa aliwekwa chini ya ulinzi kwa muda wa mwezi mmoja hivi.

Loménie aliusimulia mkasa huo kwa kufuata barua na maelezo ya Beaumarchais. Angefanyaje? Katika makasha hamkuwa na sauti nyingine. Lakini mwaka 1868, miaka 12 baada ya kitabu chake kutoka, mwanahistoria Alfred von Arneth alichapisha nyaraka za upande wa pili zilizokuwa zimehifadhiwa Vienna. Humo mna ushahidi wa dereva wa gari la farasi, aliyesema kuwa hakuona wanyang'anyi wowote. Bali alimwona abiria wake akiingia msituni na wembe. Mna pia maoni ya Waziri Kaunitz, aliyeuona mkasa wote kuwa ni hadithi ya kubuniwa. Tangu hapo watafiti wengi wamekubali kwamba uvamizi ule haukutokea, na baadhi yao wanatilia shaka hata kuwako kwa Angelucci.

Tusimlaumu Loménie kwa kutojua yaliyofungiwa Vienna. Funzo lenyewe ni la kina zaidi. Barua ya Beaumarchais ni waraka wa kweli: ameiandika yeye, kwa mkono wake, katika siku zile zile. Walakini ukweli wa waraka si ukweli wa habari iliyomo. Yule aliyeiandika alikuwa mtunzi wa tamthilia, mwenye uwezo wa kupanga onyesho, kuingiza mhusika kwa wakati wake, na kumtoa pale asipohitajika tena. Mtaalamu wa historia huitazama barua hiyo kama ushahidi. Mtaalamu wa fasihi angepaswa kuwa wa kwanza kuitambua kuwa ni utunzi.

FIGARO NA BEAUMARCHAIS

Kosa la namna nyingine huwapata wasomaji zaidi kuliko Loménie mwenyewe, nalo ni kumfanya mhusika kuwa mtunzi. Katika kitendo cha tano cha Ndoa ya Figaro, mtumishi Figaro anayasimulia maisha yake kwa usemi mrefu wa peke yake, akimshutumu bwana wake kuwa hakufanya lolote la kustahili vyeo vyake zaidi ya kuzaliwa. Kwa kuwa Figaro amefanya kazi nyingi, amefungwa, na amepambana na wakubwa, ni rahisi kusema: huyu ndiye Beaumarchais, sauti ya wanyonge dhidi ya ukabaila.

Nyaraka zinatukataza kusema hivyo kwa wepesi. Mwaka 1764 Beaumarchais alikwenda Madrid. Yeye mwenyewe aliieleza safari hiyo kuwa ni ya ndugu mwema aliyekwenda kutetea heshima ya dada yake aliyeachwa na mchumba, Clavijo. Na simulizi hiyo ilimvutia Goethe hata akaitungia tamthilia, Clavigo, mwaka 1774. Karatasi alizozisoma Loménie zinaonyesha kuwa alikaa huko karibu mwaka mzima akiwa na mipango mikubwa ya biashara. Mmojawapo ulikuwa kupata idhini ya kuyapelekea makoloni ya Hispania watumwa Weusi. Mipango hiyo haikufaulu. Lakini nia ilikuwapo, imeandikwa, na ni ya mtu yule yule ambaye miaka michache baadaye alimpa Figaro ulimi wa kudai usawa.

Loménie analipitia jambo hili kwa mwendo wa haraka, kama moja tu katika orodha ya shughuli za kijana mwenye bidii. Msomaji wa Afrika hawezi kulipita kwa mwendo huo. Simaanishi kwamba tamthilia inabatilika kwa sababu ya dhambi ya mtunzi. Usemi wa Figaro una nguvu zake, na umewatumikia watu ambao Beaumarchais hakuwafikiria. Tena haki inatutaka tukumbuke kuwa mwaka 1790, Mapinduzi yakiwa yamekwisha anza, aliongeza katika opera yake Tarare onyesho lililogusa uhuru wa watumwa Weusi. Ninalosema ni kwamba usawa aliokuwa akiudai katika ujana wake ulikuwa usawa wa mtu wa tabaka la kati mbele ya kabaila, nao ulikuwa na mipaka yake baharini. Mpaka huo hauonekani katika tamthilia. Unaonekana katika karatasi za biashara, na anayesoma tamthilia peke yake atauvuka bila kujua.

HITIMISHO

Katika taaluma yetu ya Kiswahili tatizo hili hutujia kwa sura iliyogeuzwa. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yaliokolewa kutoka vinywani mwa watu mwishoni mwa karne ya 19 kwa juhudi za Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor, kisha yakachapishwa na W. Hichens mwaka 1940. Huko hakuna makasha ya darini yenye hesabu na daawa. Tuna mashairi na kumbukumbu za wazee. Kwa hiyo kishawishi chetu ni kuyasoma mashairi kama shajara ya Muyaka, kila shairi la mapenzi likawa ni mapenzi yake na kila la dhiki likawa ni dhiki yake. Loménie alikuwa na nyaraka tele za mtu mmoja, na zikamvuta kuwa wakili wake. Sisi tuna nyaraka chache, na uchache huo hutuvuta kujaza pengo kwa shairi. Njia zote mbili hufika mahali pamoja: mtunzi anakuwa shahidi wa pekee katika kesi yake mwenyewe.

Kutokana na uchambuzi huu yapo mambo matatu ambayo mwandishi wa wasifu, na mwalimu anayeutumia, hawana budi kuyauliza. Kwanza, waraka huu ulihifadhiwa na nani, na kwa haja gani? Pili, ni nani mwingine aliyeliona jambo hili, na maneno yake yako wapi? Tatu, ni mambo gani ambayo mtunzi alikuwa na sababu ya kuyanyamazia, na kimya hicho kimeacha alama gani katika hesabu, katika barua za wengine, au katika kumbukumbu za serikali?

Kitabu cha Loménie kinajibu swali la kwanza kwa uaminifu, kwani kinatueleza wazi karatasi zilikotoka. La pili lilijibiwa Vienna baada yake. La tatu limeachwa kwa wasomaji, na hasa kwa wale ambao mababu zao waliingia katika nyaraka za Ulaya kama hesabu ya shehena. Wasifu huo ungali unastahili kusomwa, maana haujawahi kutokea mwingine ulioyaleta mengi mapya kwa mara moja juu ya mtu huyu. Usomwe basi kama unavyosikilizwa utetezi wa wakili hodari: kwa makini, kwa heshima, na sikio moja likiungoja upande wa pili.